Jukwaa tupu: kisa cha klabu ya Eastlands iliyoshindwa karibu msimu mzima

## Kuhusu kisa hiki

Klabu inayozungumziwa hapa ni ya kandanda, ya Nairobi. Ilipanda hadi ligi ya daraja la pili, ikafungwa karibu msimu wote, na mashabiki wakayeyuka kwa kasi iliyowashtua hata viongozi waliojua kwamba mambo yangekuwa magumu. Jina la klabu, mtaa na msimu nimeyaondoa. Hesabu za lango sijaziandika pia, maana mtu wa mpira wa hapa akiziona tu ataijua timu. Mambo machache yasiyogusa kiini nimeyabadilisha. Waliohusika wameridhia kisa kiandikwe ili klabu nyingine ndogo zijifunze.

Mimi niliingia katikati ya msimu, mshauri wa kujitolea wa kamati. Ya kabla ya hapo nimeyapata kwa katibu, kwa daftari la mweka hazina, ambaye ni mwanamume wa kuandika kila kitu, na kwa mama anayeuza chapati karibu na steji ya mtaa, anayejulikana na kila mtu kama Mama Chapo.

Kamati iliniita na swali moja: kwa nini timu inayoshindwa haipati watu? Wengi wao walikuwa wameshajijibu, kwamba hakuna anayelipa pesa zake akaaibishwe. Nilitaka kuona kama jibu hilo linasimama.

## Klabu ilikotoka

Kwa miaka kadhaa timu ilicheza Jumapili alasiri kwenye kiwanja cha udongo kilicho kati ya majumba ya ghorofa na shule ya msingi. Hakukuwa na lango wala tiketi. Wakati wa mapumziko mzee mmoja alizungusha kofia, na aliyekuwa na ishirini alitia ishirini. Watu walisimama ukingoni kabisa mwa mstari, wengine wakatazama kutoka roshani, na mara kwa mara mwamuzi alisimamisha mchezo ili watoto wasukumwe nyuma. Kipa alikuwa mwendesha boda boda wa steji ya hapo hapo. Beki wa kushoto aliuza mitumba Gikomba. Aliyefungisha bao Jumapili alikumbushwa Jumatatu na kila abiria aliyempakia.

Timu ilikuwa ikishinda, ndiyo maana ikapanda. Kamati ikachukulia kwamba watu wale wote walikuja kwa sababu ya ushindi. Hakuna aliyewahi kuwauliza, na kwa nini wangeulizwa? Kiwanja kilijaa.

Baada ya kupanda, mambo matatu yalibadilika kwa mpigo.

Kwanza kiwanja kilikataliwa. Hakikuwa na ukuta wala vyumba vya kubadilishia nguo, na bila hivyo huchezi ligi hiyo. Klabu ikakodi uwanja upande mwingine wa jiji. Kutoka mtaani unapanda matatu mbili: moja hadi katikati ya mji, kisha unavuka barabara ukatafute ya pili. Ukijumlisha nauli ya kwenda na kurudi, kiingilio cha shilingi 100 na soda, mtu mmoja alikuwa anakaribia mia nne au mia tano. Baba mwenye watoto wawili alikuwa anazungumzia pesa ya chakula cha siku kadhaa.

Pili, mechi zilihama kutoka Jumapili alasiri hadi Jumamosi saa tisa. Anayeijua Nairobi ya Jumamosi anajua maana yake. Ligi ya Uingereza inapokuwa kwenye saa za majira ya baridi, mechi yao ya mapema inaanza saa tisa u nusu kwetu, na kundi kubwa la mechi linafuata saa kumi na mbili jioni. Majira yao ya joto, saa hizo husogea nyuma kwa saa moja. Vyovyote iwavyo, filimbi ya saa tisa inagongana na skrini ya ukumbi wa mtaani, ambako kwa shilingi hamsini au chini ya hapo unakaa na marafiki wako, na nyumbani ni hatua chache.

Tatu, kamati iliona daraja jipya linahitaji wazoefu. Wakaletwa wachezaji kutoka nje ya mtaa, wengine waliowahi kugusa ligi kuu. Kipa wa boda boda akawa wa akiba. Beki wa mitumba akaachwa. Kwa kocha huo ulikuwa uamuzi wa kiufundi, na huenda alikuwa sahihi kiufundi. Athari yake nyingine haikujadiliwa kabisa kwenye kumbukumbu za kikao, nilizisoma.

## Msimu ulivyokwenda

Mechi ya kwanza ya nyumbani ilikuwa na watu. Matatu zilikodiwa, vuvuzela zikalia kutoka mtaani hadi uwanjani, wazee wakavaa jezi juu ya mashati. Wakafungwa bao moja dakika za mwisho. Watu walirudi wakiimba hata hivyo.

Ya pili wakafungwa tena. Ya tatu sare. Kisha ukaja mfululizo wa vichapo ambao sitauhesabu hapa.

Namna watu walivyopungua inafundisha kuliko idadi yenyewe. Walioondoka kwanza walikuwa wenye familia, na daftari la lango linaonyesha waliondoka mapema sana, wakati timu bado ilikuwa nafasi za katikati ya msimamo. Yaani hawakuondoka kwa sababu ya matokeo. Waliofuata ni vijana waliokuwa wakija kwa makundi ya watu sita au saba. Hao ndio walioondoka pamoja na vichapo. Kufikia katikati ya msimu walikuwa wamebaki wapiga ngoma, ndugu wa wachezaji, na wazee wachache ambao nadhani wangekuja hata kama timu ingecheza usiku wa manane.

Katika kipindi hicho kamati ilifanya maamuzi manne.

## Maamuzi ya nusu ya kwanza

La kwanza lilikuwa kiingilio. Wanawake na watoto waliruhusiwa kuingia bure, na baadaye kila mtu. Hoja ilikuwa nyepesi: bei ikishuka, watu watapanda. Walipanda kwa mechi moja. Shilingi 100 ilikuwa sehemu ndogo ya gharama, nauli na muda ndivyo vilivyokuwa vizito, na klabu haikuvigusa. Lango lilikosa hata ile pesa kidogo ya kulipia uwanja.

La pili lilikuwa burudani. Akaletwa DJ, mechi nyingine akaja mchekeshaji mwenye jina mtandaoni. Siku ya mchekeshaji palijaa kuliko wakati wowote tangu mechi ya ufunguzi. Wakati wa mapumziko, alipomaliza zamu yake, nusu ya watu waliinuka wakaenda. Wachezaji walirudi uwanjani wakakuta migongo. Kapteni aliniambia kwamba afadhali uwanja ungekuwa mtupu tangu mwanzo.

La tatu ndilo ninaloona lilikuwa zito zaidi. Dirisha la uhamisho lilipofunguliwa katikati ya msimu, klabu ilikuwa na madeni ya mishahara ya miezi kadhaa. Mshambuliaji kijana, mmoja wa wachache waliobaki kutoka mtaani na ndiye aliyekuwa akifunga hayo mabao machache, alitakiwa na klabu ya ligi kuu. Wakamuuza. Siwezi kuwalaumu kwa kumuuza: wachezaji walikuwa hawajalipwa, na kijana alistahili nafasi yake. Lakini habari ilijulikana kupitia ukurasa wa klabu iliyomnunua. Kwao wenyewe hapakuwa na tangazo, wala neno la kwaheri, wala maelezo kwamba pesa ilikwenda kulipa mishahara. Mtaani ikaenea kwamba viongozi wamekula.

La nne lilifuata hapo hapo. Kundi la WhatsApp la mashabiki liliwaka moto. Kocha alitukanwa, mwenyekiti akatukanwa zaidi. Baada ya siku chache msimamizi aliagizwa kulifunga ili viongozi pekee waweze kuandika. Kelele zikaisha. Katibu aliniambia, kwa unafuu kabisa, kwamba hatimaye mashabiki wametulia.

## Mkutano chini ya mwembe

Pendekezo langu la kwanza lilikuwa dogo: mkutano wa wazi, mtaani, kwenye kiwanja cha zamani, na viongozi waje bila kipaza sauti. Mwenyekiti alihofia kupigwa mayowe. Mzee wa kofia alimwambia, "Mwanangu, wakikupigia mayowe ujue wangali wako." Akakubali.

Mayowe yalikuwepo, karibu saa nzima. Mweka hazina alisimama na daftari lake akasoma pesa ya mshambuliaji iliingia lini na ikamlipa nani. Hapo joto likashuka. Halafu Mama Chapo akaomba nafasi. Alisema, "Mwenyekiti, mimi sijaiacha timu. Ni timu iliyohama. Siku ya mechi nilikuwa nauza chapati mpaka giza. Sasa hiyo siku mtaa umelala." Akaongeza kwamba watoto wake hawajui jina la mchezaji hata mmoja wa sasa.

Kutokana na kikao hicho yakatoka maamuzi ya nusu ya pili. Klabu iliomba, na ikakubaliwa, mechi zake za nyumbani za Jumamosi zianze saa saba mchana, ziishe kabla skrini hazijawashwa. Ilielewana na wenye matatu wawili wa steji ya mtaa wabebe mashabiki moja kwa moja hadi uwanjani na kuwarudisha, nauli na kiingilio vikilipwa kwa pamoja kupitia M-Pesa kabla ya Ijumaa jioni, ili idadi ijulikane. Timu za watoto wa chini ya miaka 15 za mtaani zikapewa saa moja kabla ya mechi kubwa. Kipa wa boda boda akarudi golini, jambo ambalo kocha alilifanya kwa sababu zake, yule wa kwanza aliumia. Kundi la WhatsApp likafunguliwa. Na kila baada ya mechi ya nyumbani kocha na kapteni walisimama kwenye uzio kwa dakika chache kujibu maswali, hata maswali yaliyokuwa matusi yaliyovishwa alama ya kuuliza.

Gharama ya haya yote ilikuwa ndogo kuliko ada ya mchekeshaji.

## Matokeo

Timu ilishuka daraja. Nusu ya pili haikuwa nzuri sana kuliko ya kwanza uwanjani: ushindi wa hapa na pale, na vichapo vingi.

Mashabiki waliongezeka. Hawakufikia umati wa mechi ya ufunguzi, ila theluthi ya mwisho ya msimu ilikuwa na watu zaidi ya theluthi ya katikati, na walibaki mpaka mwisho wa mchezo. Mweka hazina aliona jambo jingine katika daftari lake. Mechi zilizofuata ushindi hazikuleta watu zaidi kwa kiasi cha kuonekana. Tofauti kubwa ilikuwa kati ya siku ambazo watoto walicheza kabla na siku ambazo hawakucheza. Mtoto mmoja uwanjani huleta mama, shangazi, na ndugu wawili, na wote wanapanda matatu ile ile.

Pesa ya lango ililipa uwanja na kubakisha kidogo. Haikulipa mishahara. Asije mtu akasoma kisa hiki akadhani klabu iliokoka.

## Uchambuzi: somo kutoka besiboli

Swali la kamati limechunguzwa sana Marekani, hasa katika besiboli, na kuna sababu. Katika ligi yao kuu kila timu hucheza mechi 162 kwa msimu, 81 nyumbani. Mchezo wenyewe una bahati nyingi ndani yake kiasi kwamba hata bingwa kwa kawaida hupoteza zaidi ya mechi 60. Shabiki wa besiboli ananunua tiketi akijua kuna uwezekano mkubwa wa kwenda kutazama kichapo. Kama kushindwa peke yake kungefukuza watu, mchezo huo ungekufa zamani.

Tazama mji mmoja, Chicago, wenye timu mbili. Mwaka 2024 White Sox walishinda mechi 41 na kupoteza 121, idadi kubwa kuliko zote ya mechi zilizopotezwa katika msimu mmoja tangu 1901, ikiwemo vichapo 21 mfululizo. Msimu mzima walipata watazamaji chini ya milioni 1.4. Cubs, upande wa kaskazini wa mji, mwaka huo huo walikuwa timu ya wastani ambayo haikuingia hata mchujo, na wakapata karibu milioni 2.9. Cubs ndio waliokaa kuanzia 1908 hadi 2016 bila ubingwa, miaka 108. Watu husema basi mashabiki wa Cubs wana damu tofauti. Hawana. Septemba 1966, msimu ambao Cubs walipoteza mechi 103, kuna siku uwanja wao wa Wrigley Field uliingiza watu 530. Ule upendo maarufu usiojali matokeo ulikua hasa miaka ya 1980, baada ya televisheni ya WGN kuzipeleka mechi zao za mchana katika nyumba kote Marekani, na uwanja wenyewe, uliojengwa 1914 katikati ya makazi ya watu, ukawa mahali pa kwenda. Hata taa za kuchezea usiku ziliwekwa 1988 tu. Watu walikuwa na sababu ya kwenda Wrigley ambayo haikuandikwa kwenye msimamo wa ligi.

New York nako kuna kisa kinachowachanganya wanaoamini ushindi pekee. Mets walianza 1962 kwa kupoteza mechi 120. Miaka miwili baadaye walipoteza 109, na bado wakaingiza watu zaidi ya milioni 1.7, huku majirani zao Yankees, waliofika fainali mwaka huo, wakiingiza takriban milioni 1.3. Mets walikuwa wapya, walikuwa na uwanja mpya, na walikuwa wamewapa besiboli watu walionyang'anywa timu zao mbili, Dodgers na Giants, zilipohamia California baada ya msimu wa 1957. Kwa upande wa pili kuna Tampa Bay Rays: 2019 walishinda mechi 96, na bado walikuwa wa pili kutoka mkiani kwa watazamaji katika timu zote 30. Uwanja wao mwaka huo ulikuwa St. Petersburg, ng'ambo ya ghuba kutoka Tampa, na sehemu kubwa ya watu wao walipaswa kuvuka daraja kwenye foleni ya jioni. Mama Chapo angewaeleza bila kuhitaji takwimu.

Tuna ushahidi wetu pia. AFC Leopards walichukua ligi 1998, kisha wakapita zaidi ya miaka 25 bila kuigusa tena, na bado siku ya Mashemeji, pambano lao na Gor Mahia, jiji linagawanyika. Arsenal walikaa zaidi ya miaka 20 bila kuchukua ligi tena baada ya ubingwa wa 2004, na sijaona ukumbi wa Nairobi uliokosa watu wao. Vijana wale wale waliokimbia klabu yetu kwa sababu inafungwa walikuwa wakivumilia kufungwa kwingine kila Jumamosi, tena kwa kulipa. Agosti 2025, Kasarani ilipofurika kwa michuano ya CHAN, wengi walisema mnaona, shindeni watu watakuja. Ni kweli kwamba kuwafunga DR Congo na Morocco kuliongeza moto. Ila tiketi za mechi ya kwanza zilinunuliwa kabla Harambee Stars hawajashinda chochote.

Kwa hiyo naona hivi. Kushindwa kunaondoa sababu moja ya kuja, ile ya kusherehekea. Kama klabu ilikuwa na sababu nyingine, ukaribu, sura unazozijua, mazoea ya siku na saa, watu wanapungua lakini hawaishi. Klabu hii ilikuwa nazo zote, na ilizivunja yenyewe kabla kichapo cha kwanza hakijaja. Walioacha mapema, wale wenye familia, ndio ushahidi: walikimbia nauli. Vichapo vilikuja kuwakuta vijana ambao walikuwa wamebakiwa na sababu moja tu.

## Uchambuzi: kilichofeli

Burudani ya kukodi ina historia ndefu. Bill Veeck, aliyemiliki timu kadhaa za besiboli, alikuwa bingwa wa vitimbi. Agosti 1951, akiwa na St. Louis Browns waliokuwa mkiani, aliwapa mashabiki vibao vya ndiyo na hapana wakaamua mbinu za timu kwa kura katikati ya mechi. Browns walishinda 5 kwa 3. Inachekesha, na nadhani ni kitimbi bora kuliko mchekeshaji wetu, kwa sababu kiliwaingiza watu ndani ya mchezo badala ya kuwapa kitu kingine cha kutazama. Hata hivyo kufikia 1954 timu ilikuwa imehamishiwa Baltimore. Browns ni timu iliyokuwa imewahi kuingiza watu 80,922 kwa msimu mzima wa 1935, wakati mji ule ule ulikuwa na Cardinals wa kushindana nao. Kitimbi kinaleta watu siku moja. Swali ni watakuta nini siku inayofuata.

Kuuza mshambuliaji kimya kimya na kufunga kundi la WhatsApp nayaweka pamoja, maana yote mawili yaliwaambia mashabiki kwamba timu si yao. Oakland, mji wa California uliokuwa na timu ya besiboli ya Athletics, wameipitia njia hii kwa ukubwa wake. Mwaka 2022 Athletics waliwatoa nyota wao kwa timu nyingine kwa kubadilishana wachezaji, Matt Olson na Matt Chapman mwezi Machi, Sean Murphy Desemba. Mwaka 2023 walipoteza mechi 112, na uwanja wao ukawa mtupu kuliko yote katika ligi. Mmiliki akaelekeza macho Las Vegas, na utupu wa jukwaa ukatajwa kama sababu. Tarehe 13 Juni 2023 mashabiki walipanga kufanya kinyume cha kususia: walijaza uwanja, watu 27,759, wakiwa na fulana zilizoandikwa kwa Kiingereza neno moja, uza, wakimtaka mmiliki aiuze timu kwa mtu anayeitaka. Timu hiyo hiyo mbovu. Watu walikuwepo mjini muda wote, walichokosa ni kuaminiwa. Mmiliki hakusikia, na 2025 timu ilikuwa ikicheza eneo la Sacramento ikisubiri Las Vegas.

Matusi ya WhatsApp yalikuwa data bora kuliko zote ambazo klabu ilikuwa nayo, na ilizifungia. Shabiki anayemtukana kocha saa tano usiku bado anaifikiria timu saa tano usiku. Kilichopaswa kumtisha katibu ni ule utulivu.

Kuhusu kiingilio cha bure sina mengi. Kinafaa pale ambapo bei ndiyo kizuizi. Hapa haikuwa.

## Uchambuzi: kilichofanya kazi, na kisichojulikana kwa nini

Saa saba mchana ilifanya kazi, na hapa nina uhakika kiasi, kwa sababu mechi mbili zilizorudishwa saa tisa kwa amri ya ratiba zilishuka tena. Matatu za steji zilifanya kazi kwa sababu iliyonishangaza. Nilidhani ni nauli. Waliopanda walisema zaidi kuhusu safari yenyewe: ngoma, ubishi, kumzomea dereva wa timu pinzani kwenye mzunguko wa barabara. Safari ilikuwa imerudisha kipande cha kile kiwanja cha udongo.

Kusimama kwenye uzio kulimsaidia kocha kuliko kulivyowasaidia mashabiki. Alikuwa mtu aliyefichwa, akawa mtu anayejulikana. Vichapo havikupungua ila wito wa kumfukuza ulipungua.

Siwezi kutenganisha mchango wa kipa. Kurudi kwake kuligongana na kila kitu kingine, na mtaani jina lake lilikuwa linaimbwa hata siku alizofungwa mabao matatu. Je, ni yeye aliyeleta watu, au ni watoto, au saa? Kocha anasema ni yeye. Mweka hazina anasema ni watoto. Kila mmoja ana mechi zake za kutolea mfano.

Baada ya kushuka daraja timu ilirudi kucheza kiwanja cha zamani, Jumapili, bila lango. Kiwanja kikajaa tangu wiki ya kwanza, timu ikiwa haijashinda bado. Hilo linaunga mkono ninachosema, ila linaunga mkono pia anayesema kwamba ni bei: pale ni bure na hakuna nauli. Ningependa klabu nyingine iliyolazimika kuhama ijaribu mambo haya moja moja, si yote kwa pamoja kama sisi tulivyofanya kwa haraka ya msimu.

## Lililo mezani sasa

Kamati ina pesa kidogo, salio la ule uhamisho na ahadi ya mfanyabiashara mmoja wa mtaani. Kuna pande mbili. Kocha anataka mshambuliaji mzoefu ili wapande tena haraka. Mweka hazina na Mama Chapo, ambaye sasa ni mjumbe wa kamati, wanataka ukuta kuzunguka kiwanja na vyumba viwili vya kubadilishia nguo, hata kama vitajengwa kwa awamu na kupanda daraja kukachelewa misimu miwili.

Nimeshauri ukuta. Mshambuliaji anaweza kuumia Aprili, au akafunga mabao, wakapanda, na wakajikuta kwenye uwanja ule ule wa kukodi, matatu mbili kutoka nyumbani. Kuna tatizo moja la kweli ambalo kocha amelishika vizuri: ardhi ya kiwanja ni ya umma, na ukuta wa lango la kulipia unahitaji kibali cha kaunti pamoja na makubaliano na shule iliyo jirani, ambayo watoto wake wanakitumia kiwanja kila siku bila kumwomba mtu. Kibali hakijaombwa. Barua ya shule imeandikwa, na mwalimu mkuu ametaka kwanza kujua saa ambazo lango litakuwa wazi kwa wanafunzi wake.